Kupokea kwa Mikono Miwili

Asubuhi hiyo nilipima maji ya kumwogeshea mjukuu wangu kwa kiwiko, maana vidole vyangu vilikuwa havijui tena moto wala baridi.

Binti yangu Kabula alikuwa amekaa kitandani akinitazama. Alikuja kujifungulia kwangu Malampaka, kama ilivyo kawaida kwa uzazi wa kwanza, ili mama yake amhudumie. Mama mwenyewe ndiye mimi, Minza, ambaye mji mzima unaniita Mkono, na ambaye wiki iliyotangulia nilishika sufuria ya uji kwa viganja vitupu nikajua nimeungua baada ya kusikia harufu.

"Mama, niache nimwogeshe mwenyewe," alisema.

"Wewe mzazi. Kaa."

"Tafadhali, mama. Utamwangusha."

Hakusema kwa ubaya. Niliacha beseni pale pale nikatoka, nikakaa kizingitini. Niliumia, sitasema uongo. Limi, mjukuu wangu, alikuwa mchanga kabisa, na watu wote waliokuja kutupa hongera walikuwa wamemshika shavu wakasema ni laini. Mimi nilikuwa nimembeba mara nyingi kuliko wao wote na sikujua wanasema nini.

Mikono yangu ilikuwa mapajani, inatetemeka. Mtu mahali fulani alikuwa ameniazima, na hata jua lilikuwa halijapanda sawasawa.

Haya mambo yalianza kidogo tu. Karakana yetu ya jamii ilianzia kwenye kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, kando ya reli: meza moja, watu sita wabishi, na rundo la redio na taa za sola ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa. Kutoka redio tukaingia pampu za visima, kutoka pampu tukaingia mashine za zahanati. Kazi ya waya nyembamba, ile ya kulehemu vitu ambavyo lazima uvitazame kwa lenzi, ilikuwa yangu. Vijiji vya mbali vikaanza kutuita, vikafungua karakana zao, vikataka na mimi niwe kwao. Hapo ndipo Ndaki, mwenyekiti wetu, alipokuja na nyuzi.

Nyuzi zenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Zimepandwa chini ya ngozi yangu, kuanzia kiwiko hadi kiganjani, na kazi yake ni kusikiliza mishipa ya fahamu. Fundi wa Lalago au Mwanhuzi akivaa glavu na kuniita, vidole vyake vinapata uamuzi wa vidole vyangu: abane kwa nguvu kiasi gani, aondoe moto wakati gani. Vyangu vinabaki mapajani vikitetemeka. Kinachoguswa kule nakihisi huku, na uchovu wote unaletwa kwangu. Watu huuliza kwa nini tusirekodi tukamaliza. Tulijaribu. Mkono uliorekodiwa unajua kazi ya jana, ukikutana na bodi iliyopinda kidogo unaiunguza. Mkono hai unasita kwanza. Mafundi hawa wanachoazima kwangu ni huko kusita.

Mwanzoni ilikuwa raha. Nilikuwa nikimtumikia mtu mmoja mmoja, na kila alichoshika nilikijua, chuma ni chuma, mti ni mti. Sasa karakana zimekuwa nyingi na zinaniita kwa mpigo, na ninachohisi ni kelele, kama ukumbi wa harusi wakati kila meza inaongea. Vidole vyangu vyenyewe vikafa ganzi. Daktari wa mishipa alinipima akaniambia bila kuzunguka: zima nyuzi zote, pumzika msimu mzima wa mvua, na hisia huenda zikarudi. Usipopumzika, sahau. Nilimuuliza hiyo huenda ina ukubwa gani. Akaanza kupanga karatasi zake.

Ndaki alikuja nikiwa bado nimekaa pale kizingitini. Tulisoma naye, tumezeeka naye, na bado anatembea kama mtu anayewahi treni.

"Mwangaluka, Minza," alinisalimia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka. Kama umekuja kuniambia karakana inakua, nimeshasikia."

Alicheka, akakaa. "Kuna tano zingine zinataka kuunganishwa. Watu wamejichangisha, wamejenga, wanasubiri mkono tu. Karakana inakua, dada, tufanyeje?"

"Inakua karakana, Ndaki. Mimi ni yule yule."

Ndipo akasema jambo lililomleta hasa. Kituo cha afya cha Lalago kilikuwa na mtoto njiti, na mashine yao ya kuchuja oksijeni kutoka hewani ilikuwa imekufa. Walikuwa wanaishi kwa mitungi ya kuazima. Karakana ya Lalago ilikuwa inatengeneza mashine mpya, imebaki bodi ya kuongoza vali, yaani kazi yangu.

"Wakimaliza hiyo, tuongee kuhusu kupumzika."

"Ulisema hivyo kwenye pampu za Mwanhuzi."

"Nilisema. Ila huyu ni mtoto, Minza."

Niliangalia mikono yangu inavyoruka. "Haya, hii sasa hivi ni nani? Ni wao?"

Ndaki akatoa kioo chake cha kufuatilia glavu, akakisoma, akakunja uso. "Ni Lalago, ndiyo. Lakini hawajaanza kazi. Nimeongea nao sasa hivi, wanakunywa uji."

"Wanakunywa uji na mikono yangu?"

"Itakuwa hitilafu."

"Washa pikipiki," nilisema. "Nataka kuiona hiyo hitilafu kwa macho."

*

Karakana ya Lalago iko ndani ya ghala la zamani la ushirika, na bado inanuka mbegu za pamba. Mkuu wao, Holo, mwanamke wa makamo hivi, mkali wa kazi, alikuja mbio kutupokea akiwa na glavu zake mikononi. Alipiga goti, akanisalimia, "Mwadila, mayu," yaani shikamoo za mchana kwa mama, kisha akanyoosha viganja vyote viwili, akaupokea mkoba wangu kama mtu aliyelelewa.

Nikauhisi mkoba wangu mwenyewe. Ile kamba iliyokatika nikaifunga fundo, ule uzito wa chupa ya maji chini. Niliuhisi ukiwa mikononi mwa Holo, kisha ukapotelea kwenye ile kelele ya karakana zingine zote. Nilifikiri ni uchovu. Nikakaa kwenye kiti nilichopewa, nikatulia, nikatazama.

Mwanamke mmoja alipita na uji. Fundi wao wa bodi, kijana mrefu mpole anayeitwa Maduhu, alisimama, akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Mikono yangu ikaruka. Mwingine akampa Holo koleo. Holo akalipokea kwa mikono miwili, asante, na mikono yangu ikaruka tena. Mzee aliyeleta redio yake akaitoa kwenye mfuko, wakaipokea kwa mikono miwili. Akadai ule mfuko wake, wakamrudishia, akatoa ndizi mbili za shukrani, wakazipokea zile ndizi kwa mikono miwili.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka Ndaki akadhani nalia, na kusema kweli sikuwa mbali.

"Ndaki, glavu inafunguliwaje?"

"Unajua inavyofunguliwa. Tulipanga wote."

Tulipanga wote, kweli. Ulikuwa mkutano wa kuchagua ishara ya kumwita mwenye mkono. Kitufe kilikataliwa, maana fundi ana vitu mikononi. Sauti ilikataliwa, maana karakana ina makelele. Mtu akasimama, akasema sisi tukianza kazi tunapewa kifaa, na mtu mwenye adabu hupokea kwa mikono miwili, viganja juu, sasa tunatafuta nini kingine? Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga. Tulijiona tumeunda kitu chetu hasa, hakijatoka popote. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka kwamba watu wetu wanapokea namna hiyo tangu wanapoamka mpaka wanapolala, na glavu hazivuliwi ovyo, maana ukivua lazima uoshe mikono na kupaka jeli upya.

Ndaki alipekua kumbukumbu kwenye kioo chake. Aliposimama uso ulikuwa umemshuka.

"Zaidi ya nusu ya miito si ya kazi," alisema. "Ikishafunguka inakaa wazi inasubiri kazi, haijifungi mpaka ichoke. Kikombe cha uji kinakugharimu sawa na bodi nzima. Na ni karakana zote, Minza."

Basi mimi sikuwa nimemalizwa na kazi. Nilikuwa nimemalizwa na heshima.

*

Tulikaa kikao pale pale, tumezunguka meza yenye mashine ya oksijeni iliyofunguliwa tumbo. Kubadilisha ishara kulihitaji glavu zote zirudi Malampaka zikasukwe upya, na mtoto njiti asingesubiri. Kilichobaki kilikuwa rahisi kutamka: kuanzia sasa, aliyevaa glavu apokee kwa mkono mmoja, au aambie aliyeleta aweke mezani.

Holo alizitazama glavu zake.

"Mayu," Holo alisema taratibu, "unataka nichukue kitu cha mtu mzima kwa mkono mmoja? Kama nanyakua?"

"Ndiyo."

"Wataondoka hapa wakisema Holo amepata glavu akasahau alikotoka."

"Waache waseme."

"Ni rahisi kwako, wewe hawakujui hapa."

Alikuwa amesema kweli, nikaona aibu. Niliwanyooshea mikono yangu. Nilimwambia Maduhu achukue sindano aliyokuwa anasafishia bodi anichome kidoleni. Alikataa. Nikaichukua nikajichoma mwenyewe mbele yao, nikawaonyesha damu, nikawaambia sijasikia kitu. Nikawaambia kuhusu Limi, maji yake na kiwiko changu. Nilikuwa nimechoka mno kuona haya. Nilikuwa nawaomba watu waache adabu waliyonyonya kwa mama zao ili mimi nipate vidole, na nilijua ni ombi baya, na niliomba.

Holo alifuta macho kwa bega, maana glavu zilikuwa na jeli. "Haya. Mkono mmoja."

Ndaki alipiga simu, akazifunga karakana zingine zote kwa siku hiyo. Ile kelele ikazima ghafla. Sikuwa nimepata ukimya wa namna ile mikononi kwa muda mrefu sana, nikajikuta nahema kama niliyetua mzigo.

Maduhu akakaa mezani, akafungua viganja, nikaingia. Alikuwa peke yake, na kila kitu kilikuja wazi: joto la chuma cha kulehemu kupitia mpini, ukingo wa bodi ulioparuza kidogo, risasi inavyosita kabla haijayeyuka halafu inakubali yote kwa mara moja. Vali ya mashine ile inafunguka na kufunga ikisukuma hewa kwenye punje zinazokamata naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Waya mmoja ukilegea, inapitisha hewa tu, na mtoto anavuta hewa tu. Kwa hiyo hatukukimbia. Niliketi nyuma yake nimefumba macho. Nilikuwa nafanya kazi ninayoijua, na kwa kitambo kile niliipenda tena.

Alasiri, zikiwa zimebaki nyaya chache, akaingia mwanamke mzee amejitwisha kikapu. Holo aliniambia kwa sauti ya chini: Bibi Ngolo, bibi yake yule mtoto njiti. Alikuwa ametoka kituo cha afya kwa miguu. Hakuuliza mashine imefika wapi. Alishusha kikapu cha karanga za kuchemsha, bado zinafuka mvuke, akaenda moja kwa moja kwa Maduhu, kwa sababu ndiye aliyemwona anafanya kazi, akampelekea kwa mikono yote miwili.

Maduhu alisimama. Aliniangalia mimi, akaangalia kikapu. Mkono wake mmoja ulianza kwenda, ukarudi. Bibi Ngolo alibaki amenyoosha mikono, na nikaona uso wake unaanza kuuliza amekosa nini.

Nikainuka haraka. "Bibi, nipe mimi," nilisema, nikakipokea kwa mikono yangu mitupu, vizuri, kwa viganja viwili na kuinama.

Sikusikia kitu. Niliona mvuke, niliona maji ya chumvi yakinidondokea kidoleni, na sikujua kama nimeshika au sijashika. Kikapu kikateleza. Maduhu akakidaka kwa chini, kwa viganja vyote viwili, bila kufikiri.

Ndipo nikakisikia. Joto likanijaa kiganjani, na maji, na miti ya kikapu iliyosukwa kwa kubana, na ukingo mmoja uliochanika ukashonwa kwa uzi wa nailoni. Nilisimama pale kama mjinga, mikono yangu mitupu ikining'inia, nimeshika kikapu ambacho sikuwa nimekishika.

"Samahani, mayu," Maduhu alisema. "Nimesahau."

"Asante, bibi," nilimwambia Bibi Ngolo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasubiri jibu. "Zimefika. Ni za moto."

Mashine iliwaka kabla ya jua kuzama. Ilikohoa, ikatulia, ikaanza kuvuta na kupumua, na mshale wa kipimo ukapanda hadi pale Holo alipoweka alama ya kalamu. Walioibeba kuipeleka kituo cha afya walikuwa wanaimba. Bibi Ngolo hakuimba. Alitembea pembeni yake ameiwekea mkono juu, kama mtu anayesindikiza ng'ombe asitoroke.

*

Kesho yake asubuhi Ndaki alisimama mlangoni kwangu na kioo chake. Mtoto alikuwa amelala vizuri, aliniambia, na rangi imerudi. Nilishukuru.

"Niwafungulie wengine?" aliuliza. "Nimewaambia wote habari ya mkono mmoja. Mzigo utapungua nusu."

"Zima yote."

"Minza."

"Zima. Na zile tano, waambie hapana."

"Pampu ya Mwanhuzi imekufa jana. Wana kisima kimoja."

"Najua. Ulinionyesha jana usiku kwenye kioo."

"Watakosa maji kwa uamuzi wako."

"Ndiyo," nilisema. "Kwa uamuzi wangu. Nimelala nalo usiku kucha hilo, usinifundishe. Waambie wakae chini wajifunze kulehemu kwa vidole vyao."

"Wataungua. Wataharibu bodi."

"Mimi niliungua, Ndaki. Niliharibu redio ya baba yako, umesahau? Tulikuwa na meza moja na watu sita na hakuna aliyeazima mkono wa mtu. Miaka yote hii tumejenga karakana kila kona, na hatujatengeneza fundi hata mmoja wa waya nyembamba. Tungemtengeneza wa nini wakati nipo?"

Alisugua uso kwa kiganja, na nikaona na yeye amechoka, kwamba huku kukimbia kwake kote kulikuwa ni kuogopa kusimama. Nilimwonea huruma na sikubadilisha neno.

"Nikizima, daktari kasema huenda," alisema mwishowe. "Kama hisia hazikurudi hutahisi chochote tena. Sio kule, sio hapa."

"Kwa hiyo acha wazi jozi moja ya glavu kwanza. Umekuja nazo?"

Alikuwa nazo kwenye mkoba, kama siku zote. Nilizichukua nikaingia chumbani. Kabula alikuwa amemaliza kunyonyesha. Nilimwambia anipe mtoto, avae zile glavu. Aliniuliza kwa nini, sikumwambia. Alipaka jeli akilalamika inanata, akavuta glavu hadi kwenye viwiko, akakaa sawa kitandani. Mimi nilisimama mbele yake na Limi mikononi, nikimwona mzima na nikimjua kwa macho tu.

"Mpokee," nilisema.

Kabula alifungua viganja vyote viwili, juu, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo, nikamwekea mtoto.

Alikuwa wa moto. Sikutegemea angekuwa wa moto vile. Kisogo kilikuwa na jasho, na nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja, laini kama usufi. Chini ya kidole gumba cha Kabula utosi ulikuwa unapiga, taratibu, bila haraka na mtu yeyote. Nililazimika kushika nguzo ya kitanda.

"Mama? Nini?"

"Shavu," nilisema. "Mguse shavu."

Kabula aliniangalia, akaangalia mikono yangu inavyotetemeka, akaelewa. Alimpitisha kidole shavuni, akashuka shingoni kwenye mikunjo yenye unyevu wa maziwa, akaja kwenye kiganja, na kile kiganja kikafumba juu ya kidole na kubana. Kisha Limi akapata kwikwi, na mwili wote ukawa unaruka mikononi mwangu.

"Nizime?" Ndaki aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo.

"Subiri kwikwi zimwishe."

Akasubiri. Tangu nimfahamu sikuwa nimewahi kumwona amesimama muda mrefu hivyo mahali pamoja. Kwikwi zikaachana, ikapita moja, ikachelewa nyingine, Limi akashusha pumzi akalala. Nikampa Ndaki ishara kwa kichwa.

Kabula hakujua kwamba glavu zimeshazimwa. Aliendelea kumpapasa mtoto shavuni, polepole, ili nimfaidi, nami nikaendelea kumtazama.